Unyozi ni Elimu, Mkasi si Kiboko

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na mavazi ya sherehe peke yake. Hukaa pia katika kazi zile ndogo ndogo ambazo mtu hutendewa na mwenzake tangu siku ya saba ya maisha yake mpaka uzeeni, na ambazo kwa sababu ya udogo wake hazitajwi katika mipango wala katika hotuba. Mojawapo ni unyozi. Ni wananchi wachache mno, wa dini yoyote au cheo chochote, ambao hawajapata kuinamisha kichwa mbele ya wembe wa mtu mwingine. Hata mkubwa wa wakubwa, siku ya kunyolewa, humtii kinyozi akiambiwa ageuze shingo. Hata hivyo, katika miaka yote niliyokaa katika utumishi wa serikali na kuhudhuria vikao vya utamaduni, neno kinyozi sikulisikia likitajwa ila kwa mzaha. Nataka kusema mambo mawili katika kurasa hizi, na la pili najua halitawapendeza baadhi ya walimu. La kwanza ni kwamba unyozi ni elimu kamili yenye misingi yake. La pili ni kwamba shule, ambayo ingepasa kuwa mlinzi wa elimu hiyo, imeigeuza kuwa kiboko.

Nianze kwetu Tongoni. Msafiri atokaye mjini Tanga kwa barabara ya Pangani, baada ya kilomita 17 hivi, hufika penye magofu ya mji wa kale ulioitwa Mtangata: msikiti uliobakia kuta na nguzo, na makaburi zaidi ya 40, mengine yenye minara ya mawe. Vasco da Gama aliipita pwani hii mwaka 1498, na mwaka uliofuata, akirudi kutoka Bara Hindi na mabaharia wake wengi wamekwisha kufa, aliiteketeza karibu nayo merikebu yake moja kwa kukosa watu wa kuiendesha. Wageni huja kuyaona makaburi hayo, na serikali imeyaweka chini ya ulinzi wa sheria. Ni haki. Lakini nilipokuwa mtoto, si mbali na mawe hayo, chini ya mkwaju, alikuwako mzee aliyenyoa vichwa vya kijiji kizima, na ujuzi wake haukuandikwa na mtu yeyote. Alipofariki, mashine yake ya mkono iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tanzania iliingia mwaka 2011 katika mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unaohifadhi urithi usioshikika, yaani ujuzi ulio mikononi na vinywani mwa watu. Kwa kipimo hicho mkono wa mzee yule ulistahili kutunzwa sawa na ile minara. Tena zaidi, kwa kuwa mnara ukianguka mawe yake hubaki chini na mafundi wakaweza kuyapanga upya.

Wapo wasemao: kunyoa ni kunyoa tu, mwenye mkono na wembe aweza, elimu iko wapi hapo? Hao na waketi nami kidogo chini ya mkwaju.

Mzee yule hakuanza kwa kukata. Alianza kwa kukuzunguka, amekunja mikono nyuma, akikitazama kichwa kama fundi seremala atazamavyo gogo. Nywele hazikuelekea upande mmoja. Utosini huzunguka kama maji yanayoingia shimoni, na watu wengine wana mizunguko miwili. Kisogoni kwa huyu huelekea chini, kwa yule huelekea pembeni. Anayepeleka mashine bila kuujua mwelekeo huo huacha mabaka, kisha huyafukuza mabaka hayo mpaka kichwa kizima kinaisha. Baada ya macho vilifuata vidole. Alitafuta kovu, uvimbe, na mahali mfupa wa kisogo unapotokeza. Akikuta mapunye hakukunyoa kamwe. Alikurudisha kwa mama yako na ujumbe. Leo twajua kwamba mapunye ni kuvu aingiaye ndani ya unywele wenyewe, ndiyo sababu dawa ya kupaka peke yake haitoshi na daktari hutoa ya kumeza kwa majuma kadhaa. Mzee hakulijua neno kuvu. Alijua kwamba ugonjwa ule huhama kwa chombo, na kwamba kinyozi asiyeuogopa ataugawa kijiji kizima kwa siku moja ya Ijumaa.

Kisha lilikuja suala la nywele zetu wenyewe. Nywele za kipilipili hutoka katika kishimo kilichopinda, na kwa hiyo hujikunja zikitoka. Ukizilowesha hurefuka; zikikauka hujikunyata. Vitabu vya unyozi vilivyoandikwa ng'ambo, aghalabu kwa ajili ya nywele za singa, humwambia mwanafunzi alowanishe, achane, avute nywele kati ya vidole viwili, akate zilizozidi. Afanyaye hivyo juu ya kipilipili hujiona amekata vizuri, mpaka jua lizikaushe. Hapo mteja huona zimekuwa nusu ya alizoziomba. Kwa hiyo mzee alizichambua kwa chanuo zikiwa kavu, zikasimama kama zinavyosimama siku zote, akakata umbo analoliona kwa macho. Nina neno la kuongeza hapa kuhusu lugha. Twasema bila haya kwamba singa ni nywele nzuri na kipilipili ni nywele mbaya. Mshairi aliyezoea kupima kila neno hawezi kulipita neno hilo kimya: aliyekufundisha kuiita mbaya nywele inayoota kichwani mwa mama yako alikuwa na haja gani? Kinyozi wa kweli hajui nywele mbaya. Hujua nywele na mkono.

Ufundi mkubwa kuliko wote ni kupunguza, yaani kuzitoa nywele kutoka ufupi wa shingoni hadi urefu wa utosini bila jicho kuona ngazi. Kwa mkasi, kitana hutangulia na mkasi hufuata juu ya meno yake. Kadiri kitana kinavyoinuliwa kutoka kichwani, ndivyo nywele zinavyobakia ndefu. Kwa mashine, siri ni kifundo cha mkono. Mashine hupanda kutoka shingoni ikigusa ngozi, lakini mahali kichwa kinapoanza kupinda haikifuati tena. Hutoka nje taratibu, kama ngalawa iachavyo ufuko. Asiyejua kuiachia huchonga mtaro kuzunguka kichwa, na mteja huonekana amevikwa bakuli. Mashine za umeme, ambazo Leo Wahl wa Marekani alizianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920, leo zimeenea mpaka vijijini, na vijana huomba namba moja au namba mbili, yaani vizuizi vya milimita 3 na milimita 6. Namba imerahisisha kazi. Kifundo cha mkono haijakiondoa. Na kanuni ya zamani haikubadilika: anza na ndefu, kwa maana iliyobaki waweza kuipunguza baadaye. Kinyozi hodari hukata kidogo kuliko alivyoambiwa, hutoa kioo, huuliza. Wala hapimi kwa masikio, maana masikio ya binadamu aghalabu hayalingani. Husimama mbele ya mteja akapima kwa uso mzima.

Mwisho huja wembe, penye panja na kisogoni. Ngozi huvutwa kwa mkono wa kushoto, wembe hulazwa, nao huenda kule ziendako nywele. Kijana wa siku hizi hutaka uende kinyume, ili pang'ae. Hulipa gharama yake baada ya wiki. Unywele wa kipilipili uliokatwa kwa ncha kali chini ya ngozi hujikunja na kuingia tena ndani ya nyama. Ngozi huvimba, na ndivyo vipele vya kidevuni na vile vigumu vya kisogoni ambavyo kwa wengine hukua vikawa makovu ya kudumu. Wengi hulaumu sabuni. Wa kulaumiwa ni wembe uliopelekwa kinyume na karibu mno. Na wembe ni mmoja kwa kichwa kimoja. Katika miaka ya 1980, ugonjwa wa UKIMWI ulipoanza kuwatia watu hofu, wengi walijifunza kwenda kwa kinyozi na wembe mfukoni. Somo hilo lisisahauliwe, kwa kuwa kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku saba, juu ya chombo kinachoonekana kikavu na safi.

Nimekaa sana hapo chini ya mkwaju, nami sina udhuru. Mtu hawezi kudai kwamba kazi ni elimu kisha akataa kuionyesha.

Elimu hiyo haikukaa peke yake. Ilifungamana na ada. Mtoto wa pwani hunyolewa siku ya saba, penye akika, na uzani wa nywele zake hutolewa sadaka ya fedha. Wengine hungoja siku ya 40. Bwana arusi alinyolewa mbele ya jamaa zake, nao wakamtuza kinyozi. Hujaji aliyemaliza ibada zake hunyoa au hupunguza, na mwanamke hupunguza ncha tu. Ndugu zetu Wamaasai, ambao wako pia Handeni na Kilindi humu humu mkoani Tanga, huwaachia morani wafuge nywele ndefu na kuzipaka ngeu. Na siku kijana anapouaga umorani, mama yake ndiye amnyoaye, na morani shujaa huonekana akilia. Katika makabila mengi ya bara, wafiwa hunyoa vichwa ili msiba upate mwisho wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903, hakuyadharau mambo ya nyumbani ya namna hii. Sisi tuliosoma baada yake ndio tuliyaona madogo.

Utaona, msomaji, kwamba katika ada zote hizo mwenye wembe amepewa ruhusa na jamii, na anayenyolewa anavuka kutoka hali moja kwenda nyingine, hapungukiwi na utu wake. Na nywele zenyewe zina pa kwenda. Kwetu Tongoni hukusanywa zote zikafukiwa. Wengine watasema ni hofu ya wachawi. Na waseme. Hata asiyeamini uchawi akubali kwamba watu wanaofukia nywele zao wamejifunza kutokanyaga kitu kilichotoka mwilini mwa mwenzao.

Kabla sijaingia shuleni yanipasa kuwajibu wazee wenzangu. Wao, wakisikia nimetetea unyozi, hudhani nimeutetea ule mtindo wa vijana uitwao kiduku, unaoacha nywele katikati na kunyoa pande zote mbili. Mimi kiduku hakinipendezi. Lakini babu zetu walikata denge, wakazungushia wembe kichwani na kuacha nywele za katikati, na neno denge limo katika kamusi mpaka leo. Mzee amwambiaye kijana kwamba kiduku si utamaduni wetu, na aeleze kwanza denge lilikuwa la nani. Dini ina hoja yake katika jambo hili, nami nitaileta mahali pake. Hoja ya utamaduni haina miguu.

Twapaswa pia kukumbuka kwamba taifa hili limekwisha kujaribu kuutafuta utamaduni kwa kupekua miili ya watu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na tangu tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na madawa ya kujichubua zikapigwa marufuku mjini Dar es Salaam. Nia haikuwa mbaya. Nani atatetea madawa ya kujichubua? Lakini vijana wenye bidii isiyo na adabu waliwavamia wanawake barabarani na kwenye mabasi, na somo la heshima likafundishwa kwa kuwavunjia watu heshima. Jambo hili si letu peke yetu. Watawala wa nasaba ya Qing waliwaamuru wanaume wa China mwaka 1645 wanyoe mbele na kusuka mkia nyuma, kwa adhabu ya kifo. Mapinduzi ya mwaka 1911 yalipowaondoa, ikawa zamu ya wanamapinduzi kuikata mikia hiyo, wengine kwa nguvu. Wenye nguvu wa kila zama hukitamani kichwa cha mtu mdogo.

Sasa na tuingie shuleni.

Walimu wanajua nisemacho, na wanafunzi wanajua zaidi. Asubuhi ya Jumatatu, penye mstari, mwalimu wa zamu hupita na mkasi mkononi. Anayeonekana nywele zimezidi huitwa mbele. Mkasi hupitishwa katikati ya kichwa, mara moja, kutoka mbele hadi nyuma, na mwanafunzi hurudi mstarini na barabara kichwani. Hiyo huitwa nidhamu. Lugha yetu ina usemi wake kwa kitendo cha namna hiyo: kumnyoa mtu bila maji.

Miaka michache iliyopita mjukuu wa dada yangu, kijana wa kidato cha pili, alirudi nyumbani kutoka shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja. Alipita ukumbini kofia imemshuka mpaka nyusini.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Njoo hapa. Mbona kofia ndani ya nyumba?”

Hakujibu. Bibi yake alimsogelea akaivua kofia polepole. Ilikuwapo barabara ya upana wa vidole viwili, imekwenda upogo, na karibu na utosi palikuwa na mkwaruzo uliokauka damu. Walikatwa vijana zaidi ya 20, alisema, kwa mkasi mmoja. Bibi yake hakuuliza kosa lilikuwa nini. Aliuliza: “Na nywele zako, mwanangu, ziko wapi?”

“Zilipeperuka uwanjani, bibi.”

Yule mama mtu mzima alikaa chini akashika tama. Tulimpeleka kijana kwa kinyozi wa jirani, ambaye hakuwa na la kufanya ila kunyoa zote. Nilipotoa fedha aliusukuma mkono wangu. “Mzee wangu, kichwa hiki sikulipishi,” alisema. “Hiki ni cha kuombwa radhi.” Kijana hakwenda shule siku tatu, wala madrasa hakwenda juma zima, na alipokwenda alivaa kofia mpaka kwenye mpira.

Haya, tukipime kitendo kile kwa misingi tuliyoieleza. Mwalimu hakukitazama kichwa. Hakuuliza. Hakujua kama kuna kovu au mapunye. Alikuwa na mkasi wa kukatia karatasi, akautoa kichwa cha kwanza akautia cha pili, cha tatu, hata cha ishirini, na kama mmoja wao alikuwa na kuvu basi amewagawia wenzake penye bendera ya taifa. Kinyozi wa chini ya mkwaju, asiyejua kusoma herufi za Kizungu, asingethubutu.

Na dini, niliyoahidi kuileta, inasemaje? Katika pwani hii ambayo wengi ni Waislamu, yajulikana kwamba Mtume alikataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Katazo hilo ndilo wazee hulitumia dhidi ya denge na kiduku. Haya basi: barabara katikati ya kichwa ni nini kama si sehemu iliyonyolewa na sehemu zilizoachwa? Mwanafunzi akijikata hivyo mwenyewe ataitwa mhuni. Mwalimu amkatapo, ameitwa mlezi.

Sheria nayo haiko upande wa mkasi. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaeleza kwamba adhabu hiyo ni kuchapa mkononi au makalioni, juu ya nguo, kwa fimbo nyembamba, na zinakataza kupiga sehemu nyingine yoyote ya mwili. Viboko visizidi vinne. Mkuu wa shule atoe mwenyewe au ampe mwalimu idhini. Na iandikwe katika daftari. Sizungumzii hapa kama viboko vyafaa. Nasema kwamba hata kiboko, chenye maadui wengi, kimewekewa mipaka na daftari. Mkasi hauna mpaka, hauna daftari, na huingia kichwani, mahali ambapo kanuni zimekataza hata fimbo.

Watetezi wa mkasi wana majibu yao, nami nimeyasikia katika vyumba vya walimu. Husema: shule lazima iwe na kipimo cha nywele. Sawa, na iwe nacho. Kipimo si ugomvi wangu. Mwanafunzi aliyezidisha na atumwe kwa kinyozi, au apewe siku mbili, au aitwe mzazi wake. Husema: mbona na sisi tulikatwa, na leo tu watu wazima wenye kazi zetu? Hoja hiyo ingeweza kutetea kila ovu lililopata kutendwa duniani na watu wakalinusurika. Husema pia kwamba ni usafi, kuna chawa. Mkasi unaokata ukanda mmoja na kuacha pande mbili unaua chawa gani?

La wasichana latakiwa kutajwa peke yake. Katika shule nyingi za serikali msichana hukata nywele zake fupi kama mvulana, na sababu inayotolewa ni kwamba kusuka kunakula muda wa masomo. Huenda. Lakini matokeo yake ni kwamba binti hukaa miaka mingi ya usichana wake bila kushika kichwa cha mwenzake, na mikono iliyokuwa ikijua twende kilioni na mabutu kabla ya kuvunja ungo, leo hulipa saluni kufanyiwa. Ususi ni hesabu: mistari hugawanywa sawasawa kutoka pajini hadi kisogoni, na ukikosea mgawo wa kwanza utakosea mpaka mwisho. Shule ikaiondoa hesabu hiyo kichwani, halafu ikalalamika kwamba wasichana hawapendi hesabu. Na msichana naye, akizidisha kipimo, hupitishiwa mkasi ule ule. Kwa yule afunikaye kichwa, kuvuliwa mtandio mbele ya mstari ni adhabu ya pili ambayo hakuna aliyeihesabu.

Nini basi kifanywe? Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na shule zetu zikapata mashamba, mabanda ya kuku, vitalu vya miche. Kizazi changu kimelima mashamba hayo. Tulifundishwa kwamba shule iwe jumuiya inayojihudumia wenyewe, nasi tukajihudumia kwa mahindi na kwa maji ya kisima. Kwa vichwa hatukujihudumia. Ajabu iliyoje! Huduma ambayo kila mwanafunzi huihitaji kila mwezi, iliyo rahisi kuanzishwa kuliko kuku, haikuingizwa.

Na iingizwe sasa. Yatakiwa benchi chini ya mti wenye mwanga, kioo, vitana, mkasi wa kinyozi ulio mkali, mashine, nyembe mpya, chupa ya spiriti ya kusafishia, na ndoo ya kukusanyia nywele. Kinyozi wa kijiji aalikwe kuwa fundi mwalimu, alipwe, na aitwe mwalimu mbele ya wanafunzi. Kwanza wafundishwe kutazama, na kwa muda wa wiki kadhaa wasikate kitu. Mwalimu wa baiolojia aeleze kile kishimo kilichopinda na kuvu wa mapunye. Hatapata mfano ulio karibu zaidi na mwanafunzi. Mwalimu wa hesabu awaambie kwamba unywele hukua sentimita moja hivi kwa mwezi, wapige wenyewe hesabu ya siku za kurudi kwenye benchi ili wasizidi kipimo cha shule. Mwalimu wa Kiswahili awatume kwa bibi na babu wakusanye maneno: denge, panja, shungi, utosi, na mengine ambayo mimi mwenyewe sijayasikia. Sisi tulio katika mkoa aliozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 tusingoje msomi wa ng'ambo aje kutuokotea maneno ya vichwani mwetu.

Wala isisemwe kwamba mtaala hauna nafasi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ususi na urembo, na tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza katika sekondari. Nafasi ipo. Kinachokosekana ni kibali cha mioyo yetu, maana mzazi akimwona mwanawe ameshika mashine hulia kwamba ada yake imepotea. Mzazi huyo huyo hutoka nyumbani siku ya Idi kwenda kupanga foleni kwa kinyozi, na hukaa saa nzima akingoja zamu yake. Nimewaona vijana hapa Tanga waliomaliza kidato cha nne wakahangaika na barua za maombi ya kazi miaka miwili, mwishowe wakashika mashine. Leo wanalipa kodi ya chumba cha biashara, wanasomesha wadogo zao, na wameajiri wengine. Wote walijifunza kwa kuharibu vichwa vya rafiki zao. Shule iliyowapa cheti haikuwafundisha hata namna ya kulaza wembe.

Wathibiti ubora wa shule hupita kila mara wakihesabu madawati na matundu ya vyoo. Katika fomu zao na iongezwe mistari miwili: nani ananyoa wanafunzi hapa, na kwa chombo gani. Na mikasi iliyomo katika meza za walimu wa zamu irudishwe katika chumba cha ushonaji, ilikotoka.